Mkanda wa shingo kwa paka anayeukataa: upi umvishe, na umzoeze vipi

Nilianza kutafuta mkanda wa shingo siku Sultani aliporudi nyumbani amelowa chapachapa, maji ya kuoshea samaki yakimtiririka mkiani. Jioni jirani yangu, mama mtu mzima ninayemheshimu sana, akaniita uani. "Mwanangu, sikujua kama ni wako. Nimeona shume limekaa juu ya ungo wa samaki, nikalimwagia." Sikuwa na la kumlaumu. Sultani ana kichwa kikubwa na sikio lililochanika, na kwa mtu asiyemjua hana tofauti na mapaka shume ya sokoni. Usiku ule nililala nikiwaza kwamba siku nyingine yanaweza kuwa maji ya moto, au kipande cha nyama kilichotiwa sumu.

Hapa Tanga, na nadhani kila mtaa wenye nyumba zilizobanana, hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya mkanda: kuwaambia watu kwamba huyu ana kwao. Ya pili ni kubeba namba ya simu. Kumpendeza paka ni jambo la mwisho kabisa. Nayasema haya mapema kwa sababu watu wengi huchagua mkanda kwa rangi na kengele, paka akiukataa wakamwita mkaidi, wakati kosa liko kwenye kitu walichonunua au kwenye haraka waliyomvisha nayo.

Nina paka wawili. Sultani aliuvaa mkanda siku ya kwanza. Kidoti, jike mweupe mwenye doa jeusi puani, alinichukua wiki tatu za mazoezi, na kabla yake tukapata mkasa ambao bado ukinijia moyo unaniruka. Ulinganisho huu umetokana na wao wawili.

Bizimu, lastiki, au kifungo kinachoachia

Ukiingia duka la vifaa vya wanyama, au duka la dawa za mifugo lenye kona ya mbwa na paka, utakuta mikanda ya aina tatu. Kwa mbali zinafanana. Tofauti yake utaiona siku mkanda uliponasa mahali.

Wa kwanza ni wa bizimu: ngozi au nailoni, wenye ulimi wa chuma unaoingia tunduni kama mkanda wa suruali. Kwa mbwa ni sawa, maana mbwa anatembezwa kwa kamba na mkanda unatakiwa ushike hata akivuta kwa nguvu. Paka hatembei hivyo. Anapita kati ya nondo za dirisha, anachupa juu ya bati lenye ncha, anapenya kwenye uzio wa michongoma na chini ya seng'enge. Mkanda wa bizimu ukinasa kwenye msumari, paka ananing'inia, na kadiri anavyopapatika ndivyo unavyomkaba. Mimi simshauri mtu yeyote amvishe paka anayetoka nje mkanda wa bizimu, hata uwe mzuri namna gani, na hata muuzaji akuapie kwamba ni wa paka.

Wa pili una kipande cha lastiki. Wazo lake ni kwamba ukinasa, lastiki itavutika na paka atachomoa kichwa. Linaeleweka, na ndiyo maana nilimnunulia Kidoti mkanda wa namna hiyo. Muuzaji alinihakikishia kwamba ndio salama kuliko yote. Siku ya nne, baada ya chakula cha usiku, nilisikia kishindo jikoni. Kidoti alikuwa akirudi nyuma kwa kasi, kinyumenyume, akagonga kabati, akageuka, akagonga mguu wa meza, mdomo wazi na ulimi nje. Alikuwa akijaribu kuulamba mkanda, taya la chini likaingia ndani yake, na lastiki ikambana taya na shingo kwa pamoja kama hatamu ya punda. Nilimtupia taulo, nikamlalia kwa magoti pande zote mbili bila kumkandamiza, nikapenyeza mkasi wa kucha kati ya lastiki na manyoya. Lastiki ilipokatika aliruka akakaa nyuma ya jiko mpaka alfajiri. Mikononi nilibaki na mistari saba ya kucha, na fizi yake ilivimba siku mbili.

Shida ya lastiki ndiyo hiyo. Huvutika kiasi cha kuruhusu taya au mguu wa mbele kuingia, lakini mara nyingi haivutiki kiasi cha kumtoa. Mguu ukiingia, mkanda huhamia kwapani, na paka akiwa nje siku mbili tatu unaweza kumchubua mpaka kidonda. Kipande cha lastiki cha sentimita 2 kwenye mkanda wenye kifungo kinachoachia hakina ubaya mkubwa, lakini mkanda unaotegemea lastiki peke yake siutaki tena nyumbani kwangu.

Wa tatu ndio ninaoutumia sasa. Una kifungo cha plastiki chenye vipande viwili, kama cha begi la mgongoni, ila meno yake ni mafupi. Ukivutwa kwa nguvu kidogo, kinaachia chenyewe. Paka akinasa kwenye seng'enge anavuta mara moja, mkanda unabaki, yeye anaondoka. Ubaya wake unajulikana: utapotea. Paka mwingine atajifunza kuuvua kwa kuukwaruza na mguu wa nyuma, au kwa kujisugua kwenye kona ya ukuta. Ukiuchagua huu, kubali tangu mwanzo kwamba unanunua mikanda kadhaa. Ukikasirishwa na kupotea kwa mkanda, kumbuka kwamba kupotea ndiyo kazi yake.

Jihadhari na jambo moja. Madukani kuna mikanda mingi yenye kifungo cha plastiki kinachofanana na hiki lakini ni kifungo cha begi hasa, hakiachii mpaka ukibofye pande mbili. Usikubali maneno, jaribu. Mimi nafunga mkanda mtupu, nautundika kwenye msumari, halafu naning'iniza ndani yake mfuko wa sukari wa kilo 2. Paka mzima wa huku kwetu huwa na kilo 3 hadi 5 hivi, kwa hiyo mkanda usioachia kwa kilo 2 unaweza kumbeba mzimamzima. Kifungo kikishikilia, naurudisha dukani. Kipya kinaweza kuwa kigumu mwanzoni. Kifungue na kukifunga mara thelathini hivi kisha ujaribu tena.

Nilipokuwa bado na mashaka kama paka kweli anaweza kuishi na mkanda, kilichonipa moyo ni utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2010, ukiongozwa na Linda Lord wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio. Paka 538 walivishwa mikanda ya aina hizi tatu kwa miezi 6. Waliofika mwisho wakiwa bado wanavaa ni 391, karibu 73 kwa kila 100. Paka 18 walipata mkasa: mkanda kunasa kwenye kitu, au kuingia mdomoni, au mguu wa mbele kupita ndani yake. Kwa hiyo yaliyompata Kidoti si ya kila siku, lakini si ya kubuni pia. Watafiti waliona tena kwamba matarajio ya mwenye paka mwanzoni yalikuwa na uzito: walioamini paka wao atazoea walifanikiwa zaidi. Siuoni kama muujiza. Mtu anayeamini huvumilia siku ya pili na ya tatu, na mikono yake haitetemeki.

Kitambaa cha nyumbani

Mitaani kwetu paka wengi wenye kitu shingoni wamefungwa kitambaa, utepe wa zawadi, au uzi wa sufu. Watoto ndio hufunga, kwa mapenzi yao. Fundo halifunguki, na mtoto wa paka anakua. Nimeona paka ambaye uzi ulikuwa umezama ndani ya ngozi, manyoya yamefunika juu, hakuna aliyejua mpaka harufu ilipotoka. Ukimwona paka wa jirani na uzi wa namna hiyo, mwambie mwenyewe siku hiyohiyo.

Kama duka lenye mkanda mzuri liko mbali, fundi cherehani anaweza kukusaidia. Akate ukanda wa kitambaa chepesi wenye upana wa sentimita 1, akunje kingo, kisha ncha mbili ziunganishwe kwa mishono miwili tu ya uzi mmoja wa pamba. Ujaribu kwa sukari kama ule wa dukani. Ukikatika, unashonea tena kwa mkono. Si mzuri kama wa kifungo, kwa sababu kuuvisha ni lazima uushonee paka akiwa amekaa au uupitishe kichwani, na paka anayekataa mkanda hakubali kupitishiwa kitu usoni. Lakini ukiniuliza nichague kati yake na wa bizimu, nitachukua wa kitambaa bila kusita.

Na rangi? Chagua inayong'aa, yenye kuonekana usiku bodaboda zinapopita, na namba ya simu iwe juu, kubwa. Epuka kipande cheusi au chekundu kilichofungwa fundo, au kijimfuko cha ngozi. Kwa watu wengi huku hiyo ni hirizi, na paka mwenye hirizi anahesabiwa kuwa ametumwa. Paka mweusi hasa anaweza kupigwa mawe kwa sababu hiyo tu. Namba ya simu iliyosomeka vizuri huondoa maneno hayo mara moja, maana mchawi haandiki namba yake.

Namba hiyo ni bora idariziwe au iandikwe kwa maka peni ya wino usiofutika kwenye mkanda wenyewe. Kibati kinachoning'inia hunasa, hugonga bakuli la chakula, na kwa paka mwoga kila mlio ni sababu mpya ya kuuchukia mkanda.

Kumvisha kwa siku moja, au kidogo kidogo

Hapa ndipo ninapopewa maswali mengi, na hapa ndipo paka hutofautiana kama watu.

Njia ya siku moja inamfaa paka aliyezoea kushikwa. Paka aliyechezewa na mikono ya watu akiwa na umri wa wiki 2 hadi 7 huwa hashtuki sana anapoguswa shingo, kwa sababu huo ndio muda ambao akili yake inajifunza kipi ni cha kawaida. Sultani, kwa makovu yake yote, alizaliwa nyumbani kwa shangazi yangu na watoto wanne walimbeba tangu macho yalipofumbuka. Nilimvisha akiwa anakula kichwa cha kibua. Akainua uso, akatikisa shingo mara mbili, akarudi kwenye kibua. Baada ya kula nilimburutia kamba ya katani sakafuni akaikimbiza, na alipochoka akalala na mkanda wake. Siku mbili alijikuna kuliko kawaida, basi. Kama paka wako ni wa namna hii, usimchoshe kwa mipango ya wiki tatu. Mvishe, mlishe, mchezeshe, mwangalie siku nzima, uende zako.

Njia ya kidogo kidogo ni ya paka kama Kidoti: aliyeokotwa mkubwa, anayeshtuka mlango ukifunguliwa, au aliyewahi kuumizwa na mkanda. Inachukua muda, na sehemu kubwa ya muda huo hakuna unaloliona likisonga mbele. Baada ya mkasa wa lastiki nilikaa mwezi mzima bila kumgusa shingo. Kisha nikanunua wa kifungo kinachoachia, nikauweka chini ya kipande cha kanga anacholalia, siku tatu. Mkanda mpya unanuka duka, plastiki na mikono ya watu. Paka hutambua kilicho chake kwa harufu kabla ya macho, na ukishalala chini ya tumbo lake siku tatu unanuka yeye mwenyewe. Baadaye nikauweka kando ya bakuli wakati wa chakula. Siku ya kwanza alikula akiwa ameunyoosha mwili wote, miguu ya nyuma mbali, tayari kukimbia. Siku ya tatu aliukanyaga bila kuuangalia.

Nilipojaribu kuufunga, akaruka. Nilirudia siku iliyofuata, akaruka tena, na wakati uleule hasa. Ndipo nikagundua kwamba mkanda wenyewe haukuwa ukimsumbua tena. Kilichomtisha ni mlio wa kifungo, *tak*, nyuma ya sikio. Masikio ya paka husikia milio ambayo sisi hatuisikii kabisa, na mlio tunaouona mdogo, ukipigwa karibu na sikio lake, kwake ni kishindo. Kwa hiyo niliuweka mkanda mfukoni mwa gauni. Siku nne nilizunguka nao nyumbani. Nikiwa mbali naye, *tak*, halafu namtupia dagaa mmoja. Nikiwa sebuleni, *tak*, dagaa. Siku ya pili alikuwa anageuza kichwa. Siku ya nne alikuja mbio kutoka uani. Jioni yake nikaulaza shingoni mwake akiwa anakula, nikafunga polepole huku kidole gumba changu kikiwa juu ya kifungo kupunguza mlio, na hakunyanyua kichwa. Nikahesabu mpaka sitini, nikaufungua kabla hajamaliza chakula.

Hilo la kuufungua angali anakula ni muhimu kuliko linavyoonekana. Mkanda utoke wakati bado mambo ni mazuri. Kesho yake dakika 5, keshokutwa mlo mzima na mchezo wa kamba, halafu saa 2, halafu mchana wote nikiwa nyumbani. Usiku nilimwachia mwisho kabisa, baada ya siku saba za mchana bila tatizo. Dagaa watumike wadogo, na kama ni wa chumvi waloweke kwanza na kumwaga maji.

Katika siku hizo lazima ujue kutofautisha kero na hatari. Kujikuna, kutikisa kichwa, kutembea ameinama kama anapita chini ya meza, kurudi nyuma hatua mbili tatu, kujitupa ubavu na kukataa kuinuka: hizo ni kero. Usimvue papo hapo, maana atajifunza kwamba akijitupa chini mkanda unatoka. Mpe kamba aikimbize, au chakula, subiri atulie hata nusu dakika, ndipo uuvue. Lakini akihema mdomo wazi, akikimbia ovyo na kugonga vitu, au ukiona taya au mguu umeingia, usisubiri somo lolote. Vua, au kata. Mkasi wangu mdogo hukaa kwenye msumari karibu na mlango wa jikoni mpaka leo.

Kuna njia nyingine ambayo watu huitumia sana: mmoja amshike paka kisogo, mwingine amvishe kwa nguvu. Mkanda utaingia, ndiyo. Ila paka hataogopa mkanda peke yake, ataogopa pia mikono iliyomshika, na siku utakapotaka kumpa dawa au kumpeleka kwa daktari hutamkamata tena. Nimemwona paka wa ndugu yangu ambaye mpaka leo akiona watu wawili wakimkaribia pamoja anapanda juu ya pazia.

Iwe njia ipi, mkanda usikaze wala usilegee. Vidole viwili vilivyolala bapa vipite kati yake na shingo. Hofu ya kumkaba huwafanya wengi walegeze mno, na mkanda uliolegea ndio unaoruhusu taya na mguu kuingia. Pima paka akiwa ametulia, kwa sababu paka aliyeogopa hutunisha shingo na manyoya, na baada ya dakika kumi utakuta vidole vinne vinapita. Mtoto wa paka chini ya miezi 6 nisingemvisha nje ya nyumba. Akivaa ndani kwa mazoezi, kagua kila wiki, maana shingo inakua haraka.

Kengele

Msemo wa nani atamfunga paka kengele sote tunaujua, na ukweli ni kwamba swali la kwanza ni kama unataka kengele yenyewe. Nyumba nyingi za kwetu zinafuga paka kwa ajili ya panya. Huko kengele haina maana.

Anayejali ndege ana sababu ya kuiwaza, lakini matokeo yanapingana. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow, Scotland, wa mwaka 2002 ulikuta kengele ikipunguza mawindo yanayoletwa nyumbani karibu nusu. Ule wa Chuo Kikuu cha Exeter uliochapishwa 2021, wenye paka 355 wa kusini magharibi mwa Uingereza, haukuona kengele ikisaidia. Kilichosaidia ndege ni kivalio cha kitambaa chenye rangi kali kinachozunguka mkanda kama kola ya kitenge: ndege walioletwa nyumbani walipungua kwa 42%. Chakula chenye nyama nyingi kilipunguza mawindo kwa 36%, na mchezo wa dakika 5 hadi 10 kila siku kwa 25%. Paka anayeukataa mkanda mtupu sitamwongezea kengele. Huo mchezo wa dakika kumi utakupa ndege wachache waliokufa na pia paka aliyechoka, ambaye hana nguvu za kupigana na mkanda.

Mkanda wa dawa ya viroboto

Huu nauweka peke yake kwa sababu unaua. Mikanda mingi na dawa nyingi za kupe na viroboto zinazouzwa kwa ajili ya mbwa zina permethrini, na mingine ina amitrazi, zote sumu za kuua wadudu na kupe. Ini la paka haliwezi kuivunja permethrini kama la mbwa. Paka aliyepakwa au kuvishwa dawa ya mbwa huanza kutetemeka, masikio na ngozi vikirukaruka, kisha degedege, na wengi hufa wasipotibiwa haraka. Kupunguza dozi au kukata mkanda wa mbwa nusu hakusaidii. Soma pakiti. Kama haikuandikwa kwamba ni kwa ajili ya paka, usinunue. Kama ina permethrini, usinunue hata kama muuzaji amekuhakikishia. Ukishamvisha na ukaona anatetemeka, vua, muoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, mfunike asipate baridi, na mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo bila kungoja asubuhi.

Mkanda wa dawa uliotengenezwa kwa paka ni jambo jingine, ila kwa paka anayekataa mkanda ni mwanzo mbaya, kwa sababu una harufu kali na mara nyingi ni mzito. Kwa viroboto, dawa ya matone inayopakwa kisogoni, iliyoandikwa kwa ajili ya paka na inayolingana na uzito wake, ni rahisi kwake na kwako.

Chipu dhidi ya mkanda

Paka akishindwa kabisa kuvaa, watu huuliza kuhusu chipu. Ni kidude cha ukubwa wa punje ya mchele, kinachopigwa kwa sindano chini ya ngozi kati ya mabega, chenye namba ya tarakimu 15. Hakina betri na hakikuonyeshi paka alipo, ingawa wengi wanaamini hivyo. Kinasomeka tu kwa mashine ya kusomea, kwa karibu, na namba hiyo ina maana tu kama jina na simu yako vimeandikishwa kwenye orodha. Kwa kudumu, hakuna kinachoifikia: katika utafiti ule wa Ohio, chipu 478 zilisomwa mwishoni na 477 zilikuwa zinafanya kazi.

Kwa wasomaji walioko England swali limeshajibiwa na sheria: tangu 10 Juni 2024 kila paka anayefugwa lazima awe na chipu kabla ya kufikisha wiki 20, na faini inaweza kufika pauni 500. Ukipanga kuhama na paka wako kutoka huku kwenda nchi za Umoja wa Ulaya, chipu hutangulia, chanjo ya kichaa cha mbwa hufuata, kipimo cha damu huchukuliwa siku zisizopungua 30 baada ya chanjo, na kisha unasubiri miezi 3. Ukichanja kabla ya chipu, chanjo haihesabiwi.

Lakini jirani yangu mwenye ungo wa samaki hana mashine ya kusomea. Wala kijana wa bodaboda, wala mtoto atakayemkuta Kidoti mtaa wa tatu. Kwa mazingira yetu mkanda ndio unaosomwa na mtu wa kawaida, na chipu ni ya siku mkanda umepotea na paka amefikishwa kwa daktari mwenye mashine. Anayeweza vyote viwili afanye vyote. Mwenye uwezo wa kimoja, na paka anatoka nje, aanze na mkanda unaoachia. Paka wa ghorofani asiyetoka kabisa na anayeteseka kwa mkanda, huyo ningempa chipu na kumwacha shingo yake.

Na paka wa mtaani mnayemlisha bila kumfuga, msimvishe chochote. Hakuna atakayekagua shingo yake kila wiki. Akifanyiwa upasuaji wa kumzuia kuzaa, daktari akimkata ncha ya sikio akiwa bado kwenye usingizi wa dawa, alama hiyo inatosha.

Ule mkanda wa kifuani, wenye mikanda miwili na kamba, ni wa safari: ndani ya basi, au kwenye foleni ya daktari. Mzoeze kwa hatua zilezile za dagaa, na ukifika nyumbani umvue. Usimwache nao peke yake.

Kidoti amepoteza mikanda minne tangu mwaka juzi. Ninayo mingine miwili ya akiba kwenye msumari uleule wa mkasi, namba ikiwa imeshaandikwa. Akirudi shingo tupu namkagua kwanza ngozi, chini ya taya na kwapani, namlisha, halafu, *tak*. Mitatu sikuiona tena. Wa nne niliukuta nyuma ya kiwanja cha jirani, umening'inia kwenye seng'enge, kifungo kimeachia, na kishungi kidogo cha manyoya meupe kimebaki kati ya meno yake.